Maswali ya Wasomaji: Sifuri Ile Ile, Maana Mbili

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu wxWidgets, maktaba inayotuwezesha kuandika programu ya madirisha mara moja kisha kuikompaili kwenye Windows, Linux na Mac. Tena hazikuulizia vitufe wala menyu. Zimeulizia zile fanksheni ndogo ndogo zinazokaa nyuma ya pazia, nyingi zikiwa kwenye faili la wx/utils.h: ya kuendesha programu nyingine, ya kusubiri, ya kufungua hati. Nimefurahi, kwa sababu hapo ndipo programu nyingi za wateja wetu zinapokwama.

*Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tuna duka la dawa hapa Tanga. Programu ya mauzo nimeiandika mwenyewe kwa C++ na wxWidgets, na kompyuta ya dukani inatumia Ubuntu. Kuna kitufe cha "Hifadhi Nakala" kinachoita wxExecute ili tar (programu ya kufunga mafaili mengi kuwa faili moja) ibane folda ya mauzo na kuiandika kwenye flashi. Nimeandika hivi: if (wxExecute(amri)) wxMessageBox("Nakala imekamilika"). Ujumbe hutokea papo hapo, kaka anachomoa flashi, tunafunga duka. Sasa diski imekufa, na nakala zote tulizonazo zinagoma kufunguka. Hii tar ina tatizo gani? — Msomaji, Tanga*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kumbukumbu za duka la dawa si kitu cha kupoteza.

tar haina tatizo. Ujumbe wako ndio unaotoka kabla ya wakati. Usipoiambia wxExecute vinginevyo, huanzisha programu uliyoiomba na kurudi hapo hapo bila kuisubiri. Namba inayokurudishia ni namba ya utambulisho ya programu hiyo kwenye mfumo, tuseme 4127. Kwa C++ namba yoyote isiyo sifuri ni "kweli", basi if yako inapita na ujumbe unatokea wakati tar ndiyo kwanza imeshika faili la kwanza. Kaka yako anachomoa flashi yenye nakala nusu.

Dawa ya haraka ni kuongeza wxEXEC_SYNC, yaani subiri mpaka amalize. Lakini nakuomba usiongeze neno hilo ukaiacha if yako ilivyo. Ukiita bila kusubiri, sifuri maana yake programu imeshindwa hata kuanza. Ukiita kwa kusubiri, unarudishiwa msimbo wa kutokea wa programu yenyewe, yaani namba inayoiacha ikimaliza, na kwa desturi ya programu karibu zote sifuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Ikishindwa kuanza unapata -1. Kwa hiyo if ile ile ukiiwekea wxEXEC_SYNC itageuka: itatangaza "Nakala imekamilika" pale tu nakala iliposhindikana, na itanyamaza pale ilipofaulu. Andika hivi:

long jibu = wxExecute(amri, wxEXEC_SYNC);
if (jibu == 0) wxMessageBox("Nakala imekamilika");
else wxMessageBox("Nakala IMESHINDIKANA. Usichomoe flashi.");

Hilo tawi la else ni la lazima. Programu inayotunza rekodi za dawa isiyo na sentensi ya kushindwa haijakamilika, hata kama vitufe vyake vinapendeza namna gani.

Ukitaka kujua kwa nini tar imelalamika, kuna namna ya kuita wxExecute ukaipa wxArrayString mbili (orodha za maandishi): moja hukusanya maneno ambayo programu ingeyaandika kwenye terminali, nyingine hukusanya makosa. Namna hii husubiri yenyewe. Ile orodha ya makosa mwonyeshe mtumiaji, au ihifadhi kwenye faili la kumbukumbu. Flashi ikijaa, tar itasema, na kaka yako ataisoma sababu badala ya kukisia.

Nina mambo mawili zaidi kuhusu amri yako. Umeniandikia pia kwamba uliwahi kujaribu kubana *.csv, terminali ikakubali na programu ikakataa. Kinachoigeuza ile nyota kuwa majina ya mafaili ni sheli, programu inayosoma amri ndani ya terminali, na wxExecute haipitii kwenye sheli. Nyota inafika kwa tar ikiwa nyota. Vivyo hivyo alama za > na |. Taja folda nzima kama unavyofanya sasa, au zikusanye mafaili mwenyewe kwa wxDir::GetAllFiles kisha uyataje moja moja.

La pili ni nafasi kwenye majina. Niliwahi kumwandikia programu ya mizani mnunuzi wa korosho wa Mtwara. Akaunti yake ya Windows ilikuwa na majina mawili yenye nafasi katikati, basi kila njia ya faili ilikuwa na nafasi ndani yake. Amri ikipelekwa kama sentensi moja, kila nafasi huonekana kama mwanzo wa neno jipya, na njia moja huwa vipande viwili visivyo na maana. Zungushia njia alama za kunukuu, au utumie ile namna ya wxExecute inayopokea maneno ya amri yakiwa yametenganishwa tayari kwenye safu. Mimi natumia hii ya pili, hata pale ninapojua kwamba leo hakuna nafasi yoyote.

Mauzo yakiwa mengi na nakala ikichukua muda, kusubiri kutawachosha. Wakati wa wxEXEC_SYNC dirisha huendelea kujichora, ila vitufe vyote hufungwa, na mteja amesimama kaunta na cheti chake cha daktari. Hapo rudi kwenye namna isiyosubiri, lakini ipe wxExecute kiumbe (object) cha wxProcess kilichounganishwa na dirisha lako. tar ikimaliza, dirisha litapokea tukio la wxEVT_END_PROCESS lenye msimbo wa kutokea ndani yake, na hapo ndipo mahali pa ujumbe wako. Ukilishughulikia tukio hilo mwenyewe, kukifuta kile kiumbe cha wxProcess ni kazi yako.

Mwambie kaka pia asichomoe flashi kabla ya kuitoa kwenye mfumo, hata ujumbe ukiwa wa kweli. Linux huweza kushikilia data kwenye kumbukumbu kwa muda kabla ya kuiandika.

*Habari mwalimu. Programu yangu ya kikundi cha akiba inahifadhi mipangilio kwenye C:\Users\ na kadhalika. Mweka hazina wetu ana Mac, na mimi nimeanza kujaza #ifdef (masharti ya kutenganisha msimbo wa kila mfumo) kila mahali. Kuna njia bora? — Msomaji, Eldoret*

Njema. Ipo, zifute hizo #ifdef. Ita wxStandardPaths::Get().GetUserDataDir(). Kwenye Windows utapewa folda iliyo ndani ya AppData\Roaming, kwenye Mac iliyo ndani ya Library/Application Support, na kwenye Linux folda iliyofichwa ndani ya nyumba ya mtumiaji, inayoanza na nukta. Jina la mwisho hutokana na jina la programu, basi liweke kwa SetAppName mapema ndani ya OnInit, fanksheni inayoitwa programu inapoanza. Ukilibadilisha baadaye, watumiaji wataona mipangilio yao imetoweka, kumbe ipo kwenye folda ya jina la zamani.

Fanksheni hiyo hukutajia mahali tu, folda haiiundi. Iunde kwa wxFileName::Mkdir pamoja na wxPATH_MKDIR_FULL. Wengine hutumia wxGetHomeDir na kumwaga mafaili yao nyumbani kwa mtu. Nyumba ni ya mwenye kompyuta, na si vizuri akute humo vitu asivyovijua. Ripoti anayotaka kuiona na kuituma, hiyo iweke GetDocumentsDir.

Tangu 1992, Julian Smart alipoianzisha maktaba hii Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa kuwa programu yake ilitakiwa kwenda kwenye Windows na kwenye mashine za Unix pia, shabaha imekuwa hiyo: tofauti za mifumo zibebwe na maktaba, msimbo wako upumzike.

*Mwalimu, nataka saa kwenye dirisha langu ibadilike kila sekunde. Nimeweka wxSleep(1) ndani ya mzunguko, dirisha likaganda kabisa. — Msomaji, Zanzibar*

wxSleep na wxMilliSleep humlaza yeyote aliyeziita. Umeziita kutoka kwenye uzi mkuu, ambao ndio unaochora dirisha na kupokea mibonyezo, kwa hiyo vyote vimelala naye. Tumia wxTimer, kipima muda cha maktaba: Start(1000), kisha badilisha maandishi ya saa ndani ya tukio lake. Usijaribu kuokoa mzunguko ule kwa kuchomeka wxYield (inayoruhusu mibonyezo na matukio mengine yashughulikiwe) katikati. Mtumiaji anaweza kubonyeza kitufe kile kile mara ya pili kabla kazi ya kwanza haijaisha, na makosa ya namna hiyo ni magumu mno kuyafuatilia.

*Nataka kitufe cha "Msaada" kifungue mwongozo wangu wa PDF. Nitajuaje mtumiaji ana programu gani ya kusomea? — Msomaji, Mwanza*

Huna haja ya kujua. wxLaunchDefaultApplication ukiipa njia ya faili, humwachia mfumo uchague. Kwenye Linux kazi hiyo hupitia xdg-open. Mwongozo ukiwa kwenye tovuti, tumia wxLaunchDefaultBrowser. Zote mbili hurudisha kweli au si kweli. Ikirudi si kweli, onyesha njia kamili ya faili kwenye kisanduku ambacho maandishi yake yanaweza kunakiliwa.