Kwa anayeanza utafiti: mawimbi mawili yakikutana, hutokea nini?

Ukiingia kwenye utafiti utakuta mawimbi kila kona. Mtaalamu wa matetemeko ya ardhi anayo, daktari wa moyo anayo, anayepima ubongo anayo, anayefuatilia maambukizi anayo, na mtu wa fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo sana kama elektroni, naye anayo. Wote wanakuonyesha mstari unaopanda na kushuka. Wageni wengi hupotea hapo hapo: wanaona michoro inafanana, wanachukua hesabu za huku na kuzipeleka kule. Nimekaa na watu wa fani hizi vya kutosha, nimeona vijana wenye akili sana wakipoteza miezi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujagusa mlinganyo wowote, uliza mawimbi mawili ya aina hiyo yakikutana hutokea nini.

Anza na maji yaliyotulia. Dondosha mawe mawili, kisha tazama miduara inapokutana. Kilele kikiangukia kilele, maji hupanda zaidi. Kilele kikiangukia bonde, maji hutulia. Halafu kila mduara huendelea na safari yake utadhani haukukutana na mwenzake. Sauti hufanya hivyo, mwanga pia, na mwanzoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alitumia tabia hii hii kuonyesha kwamba mwanga ni wimbi. Ile kazi utakayofundishwa mapema, ya kulichambua wimbi gumu hadi lionekane kuwa jumla ya mawimbi mepesi, imejengwa juu ya kujumlishana huku. Kusipokuwapo kujumlishana, jibu la kompyuta yako litatoka zuri na halitakuwa na maana uliyoitarajia.

Sasa njoo kwenye moyo. Seli ya msuli wa moyo ikisisimka hutoa umeme, humwamsha jirani yake, kisha kwa muda mfupi haisisimki tena hata ukiichokoza. Mawimbi mawili ya namna hii yakigongana uso kwa uso, yote mawili hufa. Mbele ya kila moja kuna seli zilizotoka kusisimka muda huo huo, kwa hiyo hakuna pa kupita. Tena kila seli inatumia nishati yake yenyewe, haitegemei ile ya mwanzo wa safari, ndiyo maana wimbi halififii kwa kwenda mbali kama la jiwe majini. Mmenyuko wa kemikali unaoitwa wa Belousov na Zhabotinsky una tabia hiyo hiyo: miduara ya rangi hutambaa kwenye sahani ya maabara, na inapogusana hufutana. Ukipata nafasi ya kuuona kwa macho yako, usiikose.

Jambo hili linagusa uhai wa watu. Wimbi la moyo likikatika, ncha yake inaweza kujipinda na kuanza kuzunguka, likawa linaamsha msuli ule ule tena na tena, mapigo yakavurugika. Mashine ya kushtua moyo huwasisimua karibu seli zote kwa mara moja, ili mawimbi yaliyozagaa yakose pa kwenda. Mtu mwenye picha ya maji pekee kichwani hawezi kuelewa jinsi umeme ulioongezwa unavyozima umeme uliopo.

Kuna jamii ya tatu. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell aliona nundu la maji kwenye mfereji karibu na Edinburgh, akalifuata kwa farasi likisafiri bila kubadilika umbo kwa mwendo mrefu. Mwaka 1965 watafiti Zabusky na Kruskal waliyachunguza mawimbi ya aina hiyo kwa kompyuta, wakakuta kwamba yakigongana hayafi, na wala hayajumlishani kikawaida: hutoka upande wa pili na umbo lake lile lile, yakiwa yamesogezwa kidogo tu.

Swali linalofuata: ni nini hasa kinachosafiri? Japani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, magari 22 yaliwekwa kwenye njia ya mduara yenye mita 230, madereva wakaambiwa waende kwa mwendo sawa. Foleni ilizuka yenyewe, ikawa inarudi nyuma huku magari yakienda mbele. Kwenye kwanta mambo ni mengine kabisa. Tangu mwanafizikia Max Born alipoeleza mwaka 1926, wimbi la elektroni tunalisoma kama njia ya kupata uwezekano wa kuikuta mahali fulani. Usitafute kitu kinachotikisika humo. Na wimbi la maambukizi kwenye grafu ya siku na wagonjwa halina urefu wa wimbi, yaani umbali wa kutoka kilele hadi kilele. Linapopanda na kushuka mara moja tu, kuliuliza masafa yake, yaani hujirudia mara ngapi kwa muda fulani, ni kujisumbua bure.

Mawimbi ya ubongo yanahitaji tahadhari ya pekee. Daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha vipimo vyake vya umeme wa ubongo mwaka 1929, na ule mdundo wa mara 8 hadi 13 kwa sekunde unajulikana sana. Lakini waya mmoja kichwani unakuonyesha mtikisiko wa mahali pamoja. Kusema kwamba kitu kimesafiri kutoka nyuma kwenda mbele kunadai vihisi kadhaa na tofauti ya muda kati yake.

Tarehe 14 Septemba 2015, mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati vyenyewe, yaliponaswa kwa mara ya kwanza, yalifika Livingston kisha Hanford, vituo vya Marekani vilivyoachana kama kilomita 3,000, kwa tofauti ya takriban milisekunde 7. Mwanga ungehitaji kama 10 kukata umbali huo moja kwa moja, kwa hiyo tofauti hiyo inakubaliana na wimbi lililokuja kwa mshazari kwa kasi ya mwanga. Kituo kimoja peke yake kisingeweza kusema hivyo. Unapopanga jaribio lako la kwanza, kihisi cha pili kiwemo kwenye maombi ya fedha tangu mwanzo.