Unga wa bakteria hautashusha maji ya bahari

SWALI: Mhandisi, kijiji chetu kiko ufukweni, kina kaya kama 80. Makaro ya maji taka yanajaa upesi mno. Moja tulilinyonya, siku chache likajaa tena. Visima navyo vimeanza kunuka. Amekuja mtu anauza unga wa bakteria, anasema ukiumwaga kwenye karo tope lote linaisha na hutanyonya tena maishani. Kamati inataka kuchangisha tuununue. Unatushauri nini?

JIBU: Msichange hata senti kwanza. Barua za unga huu nazipata mfululizo, na muuzaji ni yuleyule hata kama jina limebadilika.

Kinyesi huja na bakteria wake, mabilioni katika kila gramu. Karo linalotumika halijawahi kukosa bakteria, kwa hiyo kuwaongeza ni kumwaga maji baharini. Tena bakteria hawali mchanga, majivu wala plastiki, na hata kile wanachokila huacha masalia yanayotuama chini. Kuna dawa nyingine ambazo kweli hupunguza tope kwenye karo, kwa kulivuruga hadi likatoka na maji kwenda kuziba shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo na kuyapenyeza ardhini. Mwenye nyumba anafungua mfuniko, anafurahi. Miezi inapita, shimo halinyonyi tena, na muuzaji simu haipatikani.

Sasa kuhusu hilo karo lililojaa siku chache baada ya kunyonywa. Karo lisilo na hitilafu hujaa mpaka usawa wa bomba la kutokea na kubaki hapo, ndivyo lilivyojengwa. La kuangalia ni kama maji yamepanda juu ya bomba hilo. Pimeni kimo cha maji kwa fimbo wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, kisha mpime tena wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa. Kikipanda na kushuka kufuata bahari, maji ya ardhini yanaingia kupitia nyufa, au shimo la kunyonya limezama na halina pa kupeleka maji. Kipima chumvi kidogo cha mkononi kitawathibitishia kama ni maji ya bahari (msionje, tafadhali, wapo walioonja).

Maji hayo yana madhara mengine. Yamebeba salfeti nyingi, aina ya chumvi, na ndani ya karo lisilo na hewa salfeti hugeuka gesi inayonuka yai viza. Gesi hiyo hula zege la juu, pale maji yasipofika. Chukueni msumari mkwaruze upande wa chini wa mfuniko: ukitoka ujiuji mweupe kama chaki iliyolowa, mfuniko huo asikanyage mtoto. Na asiingie mtu ndani kukagua, gesi hiyo inaua.

Karo lisilovuja nalo msilinyonye likabaki tupu wakati wa bamvua. Tangi la mita 4 za ujazo likiwa tupu ndani ya maji husukumwa juu kwa nguvu ya tani 4. La plastiki litaibuka na kukata mabomba yote.

Visima ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Udongo husafisha maji taka pale tu ulipo mkavu, na chini ya shimo la kunyonya panatakiwa angalau mita 1.5 hadi 2 za udongo huo kabla ya kufika maji. Ufukweni mara nyingi hamna. Kama chini ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, ile kanuni ya kuchimba kisima mita 30 kutoka chooni haiwahakikishii chochote. Pimeni vijidudu vya kinyesi, pimeni na naitreti, kemikali inayotokana na maji taka. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubaki na kuongezeka ukali kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Maji hayo msimkorogee mtoto mchanga maziwa.

Kazi inayofaa haina miujiza. Makaro yazibwe yasivuje, maji yaliyokwisha tuama yakusanywe kwa mabomba membamba hadi sehemu iliyoinuka, yapite kwenye bwawa la kokoto lililopandwa matete au mabwawa ya wazi yanayofuatana. Bomba refu la kumwaga baharini, ambalo najua mmoja wenu ameshalipendekeza, litarudisha kinyesi kwa mawimbi na kukiingiza kwenye chaza mnaowala.

Mtambo wowote, uwe wa matete au wa umeme, utatoa tope. Muuzaji yeyote mwulizeni linatoka wapi, linakaushwa wapi, na nani atalipia gari la kulinyonya kila baada ya miaka 2 hadi 5. Akisema mtambo wake hautoi tope, mpeni nauli aende. Na eneo la kukaushia mlitenge kabla ya kununua bomba la kwanza, kwa sababu mabomba yakishalazwa hakuna jirani atakayekubali liwe karibu naye.