Re: Mbona mawe ya shimo la choo yana makombe ya baharini?

Salaam ndugu yangu, umeuliza mbona fundi anachimba choo huko Kisauni, Mombasa, mbali na ufuo, na anatoa mawe yana makombe na alama kama maua. Si kazi ya majini na mashetani hehe, wala usimsikize yule jamaa aliyekujibu hapo juu. Hayo ni matumbawe, viumbe wa baharini wanaojenga miamba, jamaa zao hawa walioko baharini saa hii, ila hayo yashakufa zamani sana yakageuka jiwe.

Kama miaka 125,000 nyuma dunia ilikuwa na joto kiasi, barafu za Greenland na Antaktika zikayeyuka kiasi na bahari ikapanda kama mita 6 mpaka 9 kushinda sasa, sa jiulize hapo kwenu palikuwa wapi, si ni samaki tu wanapita na matumbawe yanakua! Baadae ikaja baridi, maji yakaganda huko kaskazini, bahari ikashuka, mwamba ukabaki juani. Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa imeshuka karibu mita 120, yani hapo Likoni tunaposukumana kwa feri kila asubuhi palikuwa bonde la mto.

Fort Jesus, ile ngome ya zamani ya Mombasa, imekaa juu ya jiwe hilo hilo, na Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, ni machimbo ya zamani ya simiti, jiwe lile lile. Pita chini ya ngome upande wa bahari, angalia vizuri utaona matumbawe mazima.

Lile kombe kubwa la hapo shimoni usimpe fundi alivunje, lipige picha, uwapelekee watu wa makumbusho palepale ngomeni.