Nywele zinanyonyoka baada ya kujifungua: tazama kwanza zinatokea wapi

Waalaykum salaam dada wa Wete. Umesema mtoto ana miezi minne, kila ukijichana kitana kinajaa, pembeni ya kipaji kumebaki peupe, mavyaa wako anasema jicho na jirani keshakuuzia mafuta ya kichupa. Mie msusi huku Unguja, nasukia nyumbani Mwanakwerekwe, na mwenyewe nimezaa watatu na wote nimenyonyoka, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia na ninayoyaona vichwani mwa watu, daktari sie.

Hayo mafuta yaweke kwanza. Mtu akija kunambia nywele zinatoka mie namuuliza zinatoka wapi, kichwa kizima au mahala pamoja? Na wewe kwa ulivoeleza una mambo mawili, sio moja.

Hizo za kwenye kitana ni za uzazi. Wakati wa mimba nywele hazianguki kama kawaida yake, ndo maana wengine kichwa hujaa mashallah, sasa ukishazaa zile zilizokuwa zimekaa tu zinaachia kwa pamoja, na hilo huanza miezi 2 hadi 4 baadae. Yaani arobaini imeshapita, watu washakuja kumtizama mtoto, ndo nywele zinaanza kumwagika, mtu akae asiseme jicho? Dua soma, sikukatazi, lakini hili linawapata wazazi wengi mno. Utaona zinapungua kichwa kizima bila kipara, na unywele ukiutizama mwishoni una kichwa cheupe kidogo. Mara nyingi mwaka ukifika zimesharudi. Halafu ujue mtu mzima wa afya anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, kwa hiyo ukifumua mkeka uliokaa wiki tatu usipige kelele kwa lile bunda, hizo ni za siku zote hizo zilikosa pa kuangukia.

Na sio uzazi peke yake, homa kali ya kulazwa, operesheni, kujinyima kula ili upungue, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango, vyote vinaleta vilevile miezi kama mitatu mbele, wakati mtu keshasahau kama aliumwa.

Ila kama ulimwaga damu nyingi kwenye kuzaa nenda kapime. Mie kwa mtoto wa tatu mwaka ulipita na nywele bado zinatoka, kituo cha kwanza wakanipima wingi wa damu wakasema ipo ya kutosha rudi nyumbani, kumbe damu inaweza kuwepo na akiba ya madini ya chuma mwilini imekwisha, na hicho ni kipimo chengine. Nilipopimwa hiyo akiba ikaonekana iko chini sana, nikapewa vidonge, na zilichukua miezi kuanza kuota, sio wiki. Waambie wakuangalie na tezi ya shingo, hasa kama unachoka ovyo au moyo unakwenda mbio, inavurugika kwa baadhi ya wanawake baada ya kuzaa. Na chai, jamani, chai ya rangi juu ya chakula inazuia chuma kisiingie mwilini, iache mpaka baada ya saa moja au mbili, kwenye mchicha kamulia ndimu.

Sasa hapo pembeni ya kipaji. Uzazi nao unaweza kupapunguza lakini wewe umesema ulisuka rasta za kubana kwa ajili ya harusi na kila siku unafunga kibanio kwa nguvu ndani ya mtandio, basi hizo zinavutwa. Nina wateja wananambia kaza nataka zikae mwezi, usiku wanameza Panadol, asubuhi wana vipele mstari mzima wa kipajini, na mwezi ujao wanataka vilevile! Wengine siwasuki tena wakakasirika. Zikiachwa mapema zinarudi, zikivutwa miaka ngozi inakuwa laini inang'aa na hapo hapaoti kitu. Mtandio wenyewe hauna kosa, yale maneno ya nywele kukosa hewa hayana maana kwa sababu mzizi unalishwa na damu, tatizo ni kile kibanio na kufunga nywele zikiwa mbichi. Legeza, badilisha upande.

Mahala ambapo mie husema acha kila kitu nenda kwa daktari wa ngozi ni utosini. Kipara kinaanzia katikati kinatanuka, pengine kinawasha au kinaunguza, pengine hakiumi kabisa, hiyo inaua mzizi na ukichelewa ndo basi. Mtu wa hivo simtii dawa ya kunyoosha wala simsuki hata alie. Kipara cha duara kilichotokea ghafla kisafi bila magamba nacho ni cha hospitali, ni kinga ya mwili inashambulia nywele, sio shetani.

Mafuta ya nazi paka, yanalainisha na zinakatika kidogo, ila hayaoteshi. Hicho kichupa cha jirani kama hakina maandishi ya kilichomo usikitie kichwani, na kama kimeandikwa minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele, usitumie na wewe unanyonyesha mpaka umuulize daktari. Ukishapata majibu ya damu andika hapahapa, na tupia picha ya hapo pembeni, uso usioneshe.