Shemeji ana TB: kumtengea kikombe kunatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Shemeji yangu amegundulika na TB ya mapafu, ndiyo kwanza ameanza dawa. Tumemtengea kikombe na sahani, sebuleni anakaa mita mbili kutoka kwetu, na chumba chake tunakipulizia dawa ya kuua vijidudu. Analala na mwanangu wa miaka mitatu. Madirisha tunafunga kwa sababu ya mbu. Je, tuko salama? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba. Vyombo changanyeni, mtoto mhamisheni chumba leo hii.

Hili la vikombe halitaki kufa. Kila familia inakuja na kijiko cha mgonjwa kilichofungwa utepe, huku dirisha halijafunguliwa tangu aanze kukohoa. Mita mbili zinasaidia kwa magonjwa ya matone, kama dondakoo: mate yaliyorushwa ni mazito, huanguka karibu. TB haiendi hivyo. Mgonjwa akikohoa, hata akiimba, hutoa chembe ndogo mno, za mikroni 1 hadi 5, ambazo huelea saa kadhaa na kusambaa chumba kizima kama moshi wa sigara. Surua nayo husafiri hewani: mtoto anaweza kuipata kwenye chumba ambacho mgonjwa ametoka saa mbili zilizopita. Ili TB ikuambukize, lazima uivute hadi ndani kabisa ya mapafu. Iliyonata kwenye sahani haina njia ya kufika huko. Na dawa mnayopulizia inasafisha sakafu na meza, siyo hewa mnayovuta.

Fungueni madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, hewa ipite moja kwa moja. Mbu wazuieni kwa wavu wa dirishani na chandarua. Feni ya mezani iwekwe ipulize kuelekea nje. Ya dari inazungusha hewa ileile. Barakoa avae shemeji, maana ndiye anayetoa vimelea. Mchana akae barazani.

Mtoto apelekwe kliniki ya TB wiki hii hata kama hakohoi. Akionekana hana ugonjwa, atapewa dawa za kinga, kwa kuwa walio chini ya miaka mitano huugua haraka na vibaya. Msijibu kwamba alichanjwa BCG. Chanjo hiyo humkinga mtoto hasa na TB kali, kama ile ya utando wa ubongo, haizuii kuambukizwa.

Shemeji naye atakojoa mkojo mwekundu. Ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB, asiache vidonge. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, ingawa kikohozi hupungua mapema, na hapo ndipo wauza dawa za "kusafisha mapafu" wanapobisha hodi.

Hao ndio wanaonikera zaidi. Wanawaingiza watu wawili watatu chini ya blanketi moja kupiga nyungu, mmoja wao akiwa na kikohozi cha mwezi mzima. Mvuke unamchokoza akohoe, blanketi linafungia alichokitoa, wenzake wanavuta pumzi ndefu kama walivyoagizwa. Ukitaka kumwambukiza mtu TB kwa makusudi, huhitaji zaidi ya hapo. Wengine wanauza antibaiotiki mbilimbili bila kipimo. Baadhi yake, kama levofloksasini, zinapooza TB kwa muda na kuichelewesha kugundulika, mgonjwa akiendelea kugawa hewa nyumbani. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe kwanza. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Chupa ya huyo bwana mnailipia.