Patasi za kukerezea kutokana na tupa kuukuu

Ndugu yangu wa Ngamiani, Tanga, umeuliza kama tupa kuukuu inaweza kugeuzwa patasi ya kukerezea miguu ya vitanda, yaani kuichonga mti ukiwa unazungushwa. Inaweza, lakini tafadhali usiinoe tu na kuanza kazi, kwa sababu chuma chake kimekazwa mno, na ikinaswa na mti unaozunguka huweza kuvunjika vipande vinavyoruka usoni. Kwanza saga meno yote, kisha ipashe moto katika oveni ya nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa mbili hivi, mpaka pale uliposaga pageuke rangi ya nyasi kavu. Hapo ugumu hupungua kidogo na ustahimilivu huongezeka. Unaponoa kwa mashine, ichovye majini mara kwa mara, kwani makali yakigeuka buluu yamekwisha kulegea.

Kwa kazi nzito ya kuviringisha mti wenye pembe, ningechagua bapa la springi ya gari, ambalo huvumilia mishtuko vizuri zaidi. Mpini uwe mrefu, sentimita 40 hivi, na uvishwe pete ya bomba la shaba ili usipasuke. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, zipake patasi mafuta kila umalizapo kazi.