Kibao cha bwawani

SWALI: Mdogo wangu alijitosa kichwa mbele kwenye bwawa la hoteli moja hapa Mombasa, akavunjika shingo. Maji yalikuwa ya kiunoni, na kina hakikuandikwa popote. Meneja anatuonyesha kibao: "Ogelea kwa hatari yako mwenyewe." Tunaweza kushtaki? – Dada yake, Mtwapa

JIBU: Poleni sana, dada. Mna hoja nzito, kibao kisiwatishe. Sura ya 34 ya sheria za Kenya inamtaka mwenye eneo achukue hatua za kutosha ili mgeni awe salama, na onyo peke yake halimwondolei lawama kama halikutosha kumkinga. Kibao kisichotaja kina kinamkinga nani?

Wenye hoteli watauliza kwa nini mdogo wako hakupima maji kwanza. Uingereza, mwaka 2003, kijana John Tomlinson, aliyevunjika shingo ziwani, alishindwa kesi kwa sababu hatari ilikuwa wazi na kuogelea kulikatazwa. Ninyi hoteli iliwakaribisha bwawani. Hata hivyo, mahakama ikiona mdogo wako alizembea, fidia itapunguzwa.

Pigeni picha za ukingo leo hii, kabla hawajapaka namba za kina. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali.